MAONI: Usiniambie ni muujiza, watoto wale walifunzwa na nyanya yao

Hebu jiweke pale kidogo.

Una miaka 13. Ndege ndogo mliyoabiri asubuhi imeanguka katikati ya msitu wa Amazon, pua chini, mkia juu. Rubani amefariki. Mtu mzima mwingine mliyekuwa naye amefariki pia. Mama yako naye hatatoka hapo. Waliobaki ni wewe na wadogo zako watatu: mmoja ana miaka 9, wa pili miaka 4, na kitinda mimba ana miezi 11, bado ananyonya chupa.

Simu huna. Na hata ungekuwa nayo, netiweki ya wapi huko? Juu, miti imeshikana hadi jua lenyewe linachungulia kwa shida. Mvua inanyesha karibu kila siku. Nyoka wapo, jagwa yupo, na mbu usiseme.

Sasa niambie. Unaanza na nini?

Nimejiuliza swali hilo mara nyingi tangu Juni 2023, na kila mara jibu langu linaniaibisha. Mimi, kijana wa Umoja niliyesoma hadi chuo kikuu, ningekaa kando ya ile ndege nikilia hadi sauti ikauke. Labda ningeshinda siku tatu. Nne, kama mvua ingenihurumia kwa maji ya kunywa.

Msichana yule wa Kolombia alishinda siku 40. Na hakushinda peke yake. Wadogo zake wote watatu walitoka wakiwa hai, akiwemo yule mtoto mchanga, ambaye alifikisha mwaka mmoja humo humo msituni.

Kisa chenyewe bila shaka unakikumbuka, maana kilisambaa kila mahali. Ndege aina ya Cessna 206 iliondoka Araracuara mnamo Mei 1, 2023, ikielekea mji wa San José del Guaviare. Ndani walikuwa watu saba. Rubani aliripoti kwamba injini ina hitilafu, kisha kimya. Wanajeshi walichukua wiki mbili kuyafikia mabaki. Walikuta miili ya watu wazima watatu, lakini watoto hawakuwepo.

Hapo ndipo msako wenyewe ulianza. Waliokota chupa ya mtoto. Wakaona tunda lililoumwa kwa meno madogo. Wakapata mkasi, vibanio vya nywele, na kibanda kidogo cha matawi. Wakaona nyayo. Wakati mmoja rais wa nchi, Gustavo Petro, alitangaza mtandaoni kwamba watoto wamepatikana, halafu akalazimika kufuta ujumbe wake. Hawakuwa wamepatikana. Baadaye jenerali aliyeongoza msako huo alisema vikosi vyake viliwahi kupita mita 20 hadi 50 hivi kutoka walipokuwa watoto, na havikuwaona. Mita 20, bana! Hapo ni kama kutoka stejini hadi kwa duka la kona.

Walipatikana jioni ya Juni 9, takriban kilomita tano kutoka mahali ndege ilipoanguka, wakiwa wamekonda, wamekauka midomo, miguu imejaa vidonda. Redio ya jeshi ikarudia neno moja mara nne, kila mara kwa mtoto mmoja: muujiza, muujiza, muujiza, muujiza.

Ndilo neno tulilolichukua sisi wote. Kanisani wiki hiyo mhubiri wetu alilitumia. Kwenye magrupu ya WhatsApp lilizunguka na picha za mikono iliyokunjwa. Na mimi si mpinga Mungu, usininukuu vibaya. Lakini neno hilo linanikera kidogo, kwa sababu linamfuta mtu mmoja aliyefanya kazi kubwa kabla ndege haijaruka. Mtu huyo ni nyanya ya watoto hao.

Watoto hao ni wa jamii ya Huitoto, na walilelewa kijijini ndani ya Amazon. Jamaa zao walisimulia kwamba nyanya ndiye aliyewafundisha mambo ya msitu: tunda hili unakula, hili unaliacha, mbegu hii unaivunja hivi. Shangazi yao akakumbusha kwamba kujenga vibanda ulikuwa mchezo wao nyumbani. Dada mkubwa alipojikuta msituni kwa kweli, alifanya alichokuwa akifanya wakicheza. Alishikilia matawi kwa vile vibanio vya nywele.

Tazama hatua yake ya kwanza. Kwenye mabaki ya ndege alitafuta chakula, na akatoka na karibu kilo tatu za unga wa muhogo, ule wa kukaangwa ambao watu wa Amazon hula kila siku. Unga ulipoisha, walihamia matunda na mbegu za michikichi ya porini. Alibeba mtoto. Alimpa maji kwa chupa. Msichana huyo alikuwa amezoea kulea wadogo zake mama akiwa kazini, kwa hivyo hata kubembeleza mtoto hakuanzia msituni.

Bahati ilikuwepo, sikatai. Mkuu wa shirika la serikali linaloshughulikia watoto nchini humo alieleza kwamba msitu ulikuwa kwenye msimu wa mavuno, matunda yamejaa. Ingekuwa miezi mingine, pengine hadithi ingekuwa nyingine. Lakini matunda yakijaa na wewe hujui lipi ni lipi, si utakufa njaa ukiyatazama? Au ule lile la sumu siku ya kwanza.

Na kuna jambo ambalo hata wao hawakulifanya inavyofundishwa. Wataalamu wa uokoaji watakuambia usiiache ndege, maana kutoka angani ni rahisi kuona chuma kuliko kumwona mtu. Watoto hawa waliondoka. Kwa simulizi iliyotolewa na baba, mama yao aliishi siku kama nne baada ya ajali, na ndiye aliyewaambia waende. Ni nani atamlaumu mtoto kwa kutii neno la mwisho la mama yake?

Sasa nije kwa kile kilichoninyima usingizi.

Jeshi lilipoona watoto wanahama hama, lilimrekodi yule nyanya. Sauti yake ikawekwa kwenye vipaza sauti vya helikopta, na helikopta zikazunguka juu ya msitu zikiitoa kwa nguvu. Nyanya alikuwa akiwaambia wasiendelee kutembea, wakae pale pale walipo, wanatafutwa. Aliwaambia kwa Kihuitoto. Karatasi elfu kumi pia ziliangushwa, kwa Kihispania na kwa Kihuitoto.

Fikiria sauti ya nyanya yako ikishuka kutoka mbinguni juu ya miti, kwa lugha ya nyumbani.

Mimi nikajiuliza: ingekuwa ni susu wangu aliye Kitui, anaongea Kikamba chake kile cha ndani kutoka kwa helikopta, ningeelewa? Ningesikia sauti, ndiyo. Ningejua ni yeye. Ningekimbia nikipunga mikono. Lakini kama alichosema ni "msisonge, kaeni hapo," basi ningekuwa nimefanya kinyume kabisa.

Kikamba changu ni cha salamu. Akinisalimu "wakya" najibu "aa", halafu naangalia chini nikingoja mamangu atafsiri yaliyobaki. Nina miaka 26.

Sitaki kumlaumu mtu sana. Shule ya msingi niliyosomea, hapa hapa Nairobi, ilikuwa na kibao cha mbao tulichokiita diski. Ukipatikana unaongea lugha ya mama, unavalishwa shingoni hadi umnase mwenzako umpe. Hata Kiswahili kilikuwa na siku yake moja kwa wiki. Jioni aliyekuwa nayo alichapwa. Nyumbani nako wazazi walituongelesha Kiswahili na Kiingereza kwa nia njema, tusibaki nyuma. Hakuna aliyekaa akapanga kwamba huyu kijana asiweze kuongea na nyanyake. Ilitokea tu, siku moja baada ya nyingine.

Siku hizi mtaala unataka watoto wadogo hadi gredi ya tatu wafunzwe kwa lugha inayotumika eneo lao. Karatasini ni safi. Waulize watoto wa ploti yenu wanaongeleshwa lugha gani darasani, kisha tuendelee.

Kabla hujanirushia lile swali la kwamba haya ni mambo ya watu wa msituni, acha nikuletee mwingine. Desemba 24, 1971, ndege ya abiria ilipigwa na radi juu ya msitu wa Peru na ikapasuka hewani. Walikuwemo watu 92. Msichana wa miaka 17, Juliane Koepcke, alianguka takriban kilomita tatu akiwa bado amefungwa kwenye kiti chake. Aliamka chini, mfupa wa bega umevunjika, jicho limevimba, kiatu ni kimoja. Mama yake waliyekuwa naye alikufa. Katika watu wote wale, ni yeye tu aliyetoka.

Wazazi wake walikuwa wanasayansi Wajerumani waliofanya utafiti wa wanyama humo Peru, na alikuwa ameishi nao katika kituo chao kilichoitwa Panguana, ndani ya msitu. Babake alikuwa amemfundisha kwamba ukipotea tafuta kijito, kifuate, kitamwaga kwenye mto, na mtoni ndiko kuna watu. Akafuata. Alijua samaki aina ya taa hulala kando kando mwa maji na mwiba wao una sumu, kwa hivyo akatembea akichokoa mbele yake kwa kijiti. Alikuwa na peremende tu za kula. Kidonda cha mkono kilipoingia mabuu, alikumbuka babake alivyowahi kumtibu mbwa wao. Alipofika kwenye kibanda cha wakata mbao akakuta petroli, akaimimina kwenye kidonda, mabuu yakaanza kutoka. Siku ya 11 wenye kibanda wakamkuta.

Huyo si Mhuitoto. Ni binti wa maprofesa. Tofauti yake na abiria wengine waliofika chini wakiwa hai, kama walikuwepo, ni kwamba kuna mtu alikuwa amemketisha akamwambia mambo fulani.

Najua utaniambia nini. Utasema, na wale wa milima ya Andes je? Ni kweli, wale wananisumbua hata mimi. Oktoba 13, 1972, ndege iliyobeba timu ya raga kutoka Uruguay iligonga mlima wenye theluji. Watu 45. Vijana wa mjini, wengi wao hawakuwahi kugusa theluji maishani. Hakuna nyanya aliyewafundisha chochote kuhusu baridi ya namna ile. Na bado 16 walitoka hai baada ya siku 72.

Walijifunza hapo hapo, bei ikiwa ni roho za wenzao. Waligundua namna ya kuyeyusha theluji juu ya mabati ya viti ili wapate maji. Wakatengeneza miwani ya kuzuia mng'ao wa jua. Kijiredio kikawaambia msako umesitishwa. Na chakula kilipokwisha, walikula miili ya waliokufa, jambo ambalo sitaki kulipitia hapa kwa mzaha, kwa sababu walilijadili na kulilia kabla ya kulifanya. Mwishowe wawili wao, Fernando Parrado na Roberto Canessa, walitembea siku kumi wakavuka upande wa Chile.

Unajua ni nani aliyewaokoa? Ni mchunga mifugo wa mlimani aitwaye Sergio Catalán, aliyekuwa ng'ambo ya mto. Maji yalikuwa yakinguruma, hawakusikizana, akafunga karatasi kwenye jiwe akawarushia wamwandikie shida yao. Akawarushia na mkate. Kisha akapanda farasi saa nyingi kwenda kuita watu. Kwa hivyo hata kisa cha vijana wa mjini mwisho wake ni mzee anayejua njia za mlima wake.

Karibu na nyumbani, mwishoni mwa 2024 mvulana mdogo wa Zimbabwe, asiyefika hata miaka kumi, alipotea ndani ya mbuga ya Matusadona. Mbuga hiyo ina simba na ndovu. Hapo hakukuwa na ndege yoyote, ni mtoto aliyepotea njia. Alipatikana baada ya siku tano. Mbunge wa eneo hilo alieleza kwamba alikula matunda ya porini, na kwa kiu alichimba visima vidogo kwa kijiti kwenye kingo za mto uliokauka. Eneo lao ni la ukame, watoto wa huko hufundishwa hivyo.

Niliposoma hapo nikacheka peke yangu ndani ya matatu, jirani akanitazama. Kuchimba maji kwenye mchanga wa mto! Hiyo si ndiyo Ukambani yenyewe? Mamangu amebeba maji ya namna hiyo tangu akiwa mdogo. Bibi wa Kitui hahitaji kusomewa habari za Zimbabwe ili ajue maji yako wapi mto ukikauka. Mimi mjukuu wake ndiye niliyejifunza kwa simu.

Na tusijidanganye kwamba nyika iko mbali na sisi. Kila Jumamosi vijana wa Nairobi wanajaa matatu kwenda kupanda milima. Ngong, Longonot, Elephant Hill. Viatu vipya, simu imechajiwa, picha za kupakia jioni. Mimi ni mmoja wao. Elephant Hill iko kwenye safu ya Aberdare, na ni kwenye safu hiyo hiyo ambapo Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale kuja Nairobi ilianguka, na wote 10 waliokuwemo wakafariki. Huko ukungu haubishi hodi.

Sisi ulituangukia mwaka jana tukiwa tumevuka mianzi. Dakika tano, humwoni aliye mbele yako. Kikundi chetu kilikuwa na watu 14 na simu zisizopungua 14, na wawili tayari walikuwa wakibishana ramani ya nani ni sahihi. Mzee aliyekuwa akituongoza, mtu wa huko chini, alisema neno moja: kaeni. Msee mmoja akauliza tunakaa hadi saa ngapi. Mzee hakujibu. Akaketi kwenye jiwe, akatoa viazi vitamu kwenye mfuko wa koti, akaanza kula. Tulikaa kama dakika arobaini tukitetemeka. Ukungu ulipofunguka, tukaona kwamba ile njia iliyokuwa ikipendekezwa na simu ya mmoja wetu inapita ukingoni mwa bonde ambalo sitaki kulifikiria.

Kaeni hapo mlipo. Maneno yale yale ya nyanya wa Amazon. Tofauti ni kwamba mzee wetu alitusemesha Kiswahili.

Kuna kitu kingine Kolombia ilifanya ambacho natamani wakubwa wetu wakione. Jeshi lao lilikuwa na satelaiti, mbwa waliofunzwa, helikopta, makomando. Halikutosha. Ndipo wakaingia wenyeji wa misitu, makundi ya walinzi wa jamii zao, wakatembea bega kwa bega na wanajeshi. Jeshi na watu wa jamii hizo wana historia chungu ya vita vya miaka mingi, na bado walilala kambi moja. Waliowapata watoto mwishoni ni hao wenyeji. Nao walikiri kwamba vifaa vya wanajeshi viliwafaa kujua wamepita wapi na hawajapita wapi.

Sisi watu wetu wa msitu tunawafanyia nini? Waogiek wa Mau wamefukuzwa mara ngapi? Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwaondoa kwenye ardhi ya mababu. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ikaagiza walipwe fidia. Mwaka 2023, miezi michache tu baada ya sisi kushangilia wale watoto wa Amazon, nyumba za Waogiek zilikuwa zikibomolewa tena Mau.

Huko Laikipia, kwenye msitu wa Mukogodo, wapo Wayaaku, wafugaji wa nyuki na wawindaji tangu zamani. Lugha yao imemezwa na Kimaasai hadi wanaoijua vizuri waliobaki ni wazee wa kuhesabu kwa vidole. Sasa jiulize, mti ambao una jina kwa Kiyaaku peke yake, na matumizi yake yako ndani ya hilo jina, siku mzee wa mwisho akienda huo mti utabaki kuwa nini? Utabaki kuwa mti. Utaupita.

Sisemi uache kazi yako ukaishi porini. Sisemi teknolojia ni mbaya, maana hata sauti ya nyanya ilipelekwa na helikopta. Na sisemi kila kitu wazee wanachokijua ni kweli. Susu wangu anaamini soda nyeusi inatibu malaria, na hilo hatukubaliani. Ninachosema ni kwamba una mtu ushago, au hata hapa mtaani, anayejua kitu ambacho hakipo kwenye simu yako, na unamtembelea Krismasi kwa siku mbili, ukiwa umeinamia simu hiyo hiyo. Halafu unarudi mjini na mfuko wa pojo.

Agosti hii nilienda kwa wiki nzima. Sikupeleka unga na sukari peke yake, nilipeleka pia daftari. Mamangu alinikalisha kwanza akanifunza maswali kumi kwa Kikamba, nikayakariri kama shairi la darasa la tatu. Susu aliposikia swali la kwanza alicheka hadi akashika ukuta. Kumbe niliuliza "mimi ninaliwa na nini" badala ya "ninakula nini."

Lakini alijibu. Nimeandika kurasa 31. Nina kunazi na ukwaju, nina ubuyu na namna tatu za kuutumia, nina tunda la ngomoa na wakati wake wa kuiva. Nina mti mmoja ambao alikataa kuniambia jina lake hadi nimwahidi sitawahi kuweka jani lake mdomoni. Miti mingine amesahau majina. Alikuwa anaanza, anasimama, anapapasa hewa kwa vidole, kisha anasema nimuulize dadake. Dadake alizikwa 2019.

Siku ya tano tukateremka hadi kwenye mkondo wa Tiva. Mchanga mtupu, moto, na alama za matairi ya malori yanayouchota kuja kujenga ghorofa za huku kwetu. Akanikabidhi kata na jembe dogo, akaketi kivulini. Nikachimba nilipotaka mimi, katikati. Nikafika kiunoni. Kukavu.

Akaniacha nichoke kwanza. Kisha akaelekeza fimbo kwa mkuyu uliosimama upande ule mto unapopinda, wenye majani mabichi wakati kila kitu kando yake kimekauka. Sikuhitaji kutafsiriwa. Nikaenda nikachimba chini yake, na nilipofika magotini mchanga ukawa mzito, ukabadilika rangi, kisha maji ya tope yakaanza kupanda polepole.

Nikainama ninywe. Akanipiga fimbo mgongoni, si kwa nguvu. Maji ya kwanza yanamwagwa, ya pili yanamwagwa, unangoja yatulie. Na hata yakitulia, unayabeba nyumbani ukayachemshe.

Nikangoja.